Umeme Uliobaki Kwenye Ampli

Kila asubuhi kabla ya shule, Chanceline aliteremka ufukweni pamoja na mama yake kuwasubiri wavuvi. Mama Domitille alinunua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, na Chanceline akawatandaza juani wakauke. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na mikono yake ilishazoea kazi. Akimaliza, alisugua viganja kwa sabuni ya mawese mpaka harufu ipungue, akavaa sare yake ya buluu, akapanda barabara kuelekea shuleni.

Njiani alipita mbele ya karakana ya Fundi Hamissi, mtengenezaji wa redio, karibu na soko la Rumonge. Zamani alikuwa akisimama hapo kusalimu. Sasa ilikuwa miezi mitatu hasimami tena. Alitema mate pembeni mwa barabara na kuongeza mwendo, kwa sababu ndani ya karakana ile alikuwamo Olivier, na Chanceline hakumchukia mtu yeyote duniani kama alivyomchukia Olivier.

Ilikuwa mwaka 2000, na vita vya Burundi vilikuwa vimeingia mwaka wa saba. Baba yake Chanceline, Sylvestre, alikuwa ametoka Uvira tangu ujana wake. Siku za kazi alitengeneza injini za mitumbwi, na Jumapili alipiga gitaa kanisani. Kwa kuwa hakuweza kununua ampli ya dukani, ile mashine ya kukuza sauti ya gitaa, alijiundia yake. Alichukua redio kubwa ya zamani, ile inayotumia lampu, yaani vichupa vya kioo vinavyowaka kama makaa. Akaongeza transfoma na spika, akavipanga vyote ndani ya sanduku la mbao. Tangu akiwa na miaka tisa, Chanceline alimshikia baba yake waya wa lehemu wakati akiunganisha. Sauti ya ampli ile ilisikika mpaka kwa wavuvi ziwani.

Siku moja ampli ikanyamaza. Sylvestre alisema lampu ya kwanza imekufa, akapanda basi dogo kwenda Bujumbura kutafuta nyingine. Alipokuwa anarudi, karibu na Kabezi, watu wenye bunduki walilizuia basi na kulimiminia risasi. Sylvestre alizikwa kesho yake. Lampu aliyokuwa amenunua ilirudishwa nyumbani nzima kabisa, imefungwa ndani ya soksi.

Miezi ilipita. Kisha Olivier na mama yake, Généreuse, wakashuka kutoka milima ya Bugarama baada ya nyumba yao kuchomwa, wakapewa kibanda kambini pamoja na wakimbizi wengine wa ndani, na Fundi Hamissi akamchukua Olivier kama mwanafunzi wake. Haikuchukua wiki mbili, maneno yakaanza bombani, mahali wanawake wanapochota maji. Kaka yake Olivier aliingia porini na wenye bunduki. Na wenye bunduki wale, mtu mmoja akasema, ndio waliolipiga basi la Sylvestre.

Mama Domitille hakuuliza habari hiyo imetoka kwa nani. Alirudi nyumbani, akatua ndoo, akasema, "Mdogo wa muuaji anakunywa maji yetu."

Tangu siku hiyo Chanceline alikuwa na kazi moja zaidi ya kazi zake zote. Darasani, mwalimu akiandika ubaoni, yeye alikuwa akifikiri jinsi Olivier atakavyolia. Alimwona kichwani mwake akianguka kwenye mtaro, akifukuzwa na mbwa, akichapwa na askari wa kizuizi cha barabarani. Mawazo hayo yalimshibisha. Hata chakula alikula vizuri alipokuwa akiyafikiri.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, mchungaji alikuja nyumbani kwao. Aliomba ampli ya Sylvestre itengenezwe ili kwaya ipige siku ya sikukuu. Mama Domitille alikubali, na Fundi Hamissi, aliyekuwa rafiki wa marehemu, akasema ataifanya kazi hiyo bure.

"Lakini nitamhitaji Chanceline," alimwambia Mama Domitille. "Sylvestre hakuacha mchoro hata mmoja. Anayejua kila waya unakwenda wapi ni huyu mtoto."

Hivyo Jumatatu baada ya shule, Chanceline aliingia karakanani kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Ampli ilikuwa juu ya meza, imefunguliwa mgongo. Olivier alisimama kando yake. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye shati lililofuliwa mpaka likapoteza rangi.

"Amahoro," alisema Olivier, akimsalimu kwa Kirundi.

Chanceline hakuitikia. Alikaa upande wa pili wa meza.

Fundi Hamissi alijifanya hakuona. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya na kofia nyeupe isiyokosa doa la grisi. Alichukua bisibisi na kuonyesha kikopo cha alumini kilichosimama ndani ya ampli, kikubwa kama betri ya tochi.

"Olivier, hiki ni nini?"

"Kondensa, Fundi."

"Kinafanya nini?"

"Kinahifadhi umeme."

"Hapo ndipo watu wanapofia. Redio ndogo ya betri haina neno. Lakini mashine ya lampu, hata ukichomoa plagi, umeme unabaki humo ndani, volti mia tatu, unakungoja. Chanceline, baba yako alifanyaje?"

Chanceline alijibu bila kumtazama Olivier. "Aliweka rizista hapa, kati ya miguu miwili ya kondensa, ili umeme utoke polepole wenyewe. Unachomoa plagi, unahesabu mpaka mia moja. Halafu unapima."

"Halafu unapima," Fundi Hamissi alirudia. "Anayeingiza mkono ndiye anayepima. Si mwenzake, yeye mwenyewe, kila mara. Nilishamzika mwanafunzi mmoja kule Kabonga. Sitaki kumzika mwingine."

Olivier aliitikia kwa kichwa. Chanceline pia aliitikia, lakini maneno ya fundi yalikuwa yamemwingia kwa njia nyingine. Volti mia tatu, unakungoja. Alirudi nyumbani akiyarudia, na kwa mara ya kwanza hakuhitaji mbwa wala mtaro wala askari.

Jumatano, Fundi Hamissi aliitwa msikitini kutengeneza kipaza sauti. Aliwaachia kazi: watoe lampu zote na kusafisha soketi zake, kwa sababu kutu huzuia umeme kupita. Olivier alichukua ndoo, akaenda bombani kuchota maji ya karakana. Chanceline akabaki peke yake na ampli ya baba yake.

Hakusitasita. Alipasha moto chuma cha lehemu, akaachilia mguu mmoja wa ile rizista inayotoa umeme. Akauacha karibu kabisa na mahali pake, hata mtu akitazama asijue. Kisha akachomoa lampu zote, maana lampu zingeweza kuunywa umeme ule. Akachomeka plagi ukutani. Akahesabu mpaka kumi, akachomoa. Ampli ilikuwa kimya na baridi, haina taa yoyote inayowaka. Ilionekana kama kitu kisicho na uhai.

Olivier aliporudi, alitua ndoo na kufuta mikono kwenye suruali. Mikono ilikuwa bado na unyevu.

"Iko na umeme ndani?" aliuliza.

"Hapana," alisema Chanceline. "Nimeutoa."

Olivier alitazama kipimo kilichoning'inia ukutani, akamtazama Chanceline. Aliinama, akaingiza mkono wa kulia na kitambaa.

Kulikuwa na mlio mdogo, kama kuni kavu inapovunjika. Olivier alirushwa nyuma. Kiwiko chake kiligonga rafu, redio mbili zikaanguka, naye akaishia sakafuni, mkono umekunjamana kifuani kama si wake. Mdomo wake ulifunguka lakini sauti haikutoka. Vidole viwili vilikuwa vimeungua, na ngozi ilikuwa nyeupe pale umeme ulipoingilia.

Chanceline alisimama juu yake. Alikuwa amesubiri kitu hiki kwa miezi mitatu, na utamu wake ulikuja kweli, wa moto, mpaka kooni. Umeonja sasa, alimwambia kimoyomoyo. Umeonja sehemu ndogo tu ya kile baba yangu alichoonja.

Fundi Hamissi alirudi akamkuta Olivier ameketi kwenye kiti, mkono ndani ya maji baridi, meno yakigongana. Fundi alimchunguza, akasikiliza moyo wake kwa sikio, akamfunga vidole. Ndipo alipouliza.

"Ulipima?"

"Sikupima, Fundi. Aliniambia umeme umetoka."

"Chanceline, uliutoa?"

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Chanceline aliujua. Aliuona umesimama mbele yake kama mlango ulio wazi.

"Niliutoa," alisema. "Labda rizista ya baba imechoka."

Fundi Hamissi alimgeukia Olivier, na sauti yake haikuwa ya hasira, jambo lililokuwa baya zaidi. "Nilikuambia Jumatatu. Nilikuambia mwezi uliopita. Kijana asiyepima atakufa mikononi mwangu, na mimi sitarudi tena kwa mama wa mtu na maiti. Nenda nyumbani, Olivier. Kazi hii haikufai."

Olivier hakubishana. Alichukua shati lake la pili lililokuwa msumarini, akashukuru kwa sauti ndogo, murakoze, akatoka.

Chanceline alikimbia mpaka nyumbani. "Olivier amefukuzwa," alimwambia mama yake kabla hata ya kuvua viatu. "Umeme umempiga, na fundi amemfukuza."

Mama Domitille alikuwa akichambua mchele. Mikono yake ilisimama. "Mungu ameona," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba, Chanceline aliona kama mama yake anatabasamu. Siku mbili zilizofuata zilikuwa nzuri. Chanceline aliimba akifagia. Alipita mbele ya karakana bila kutema mate, maana hakukuwa na wa kumtemea.

Jumamosi mchana alikwenda bombani. Foleni ilikuwa ndefu. Mwanamke mmoja aliyevaa kitenge kilichopauka alitoka mwishoni mwa foleni, akaja kusimama karibu naye. Chanceline alimtambua akataka kusogea, lakini ndoo yake ilikuwa imeshika zamu.

"Wewe ndiye Chanceline wa Sylvestre," alisema Généreuse. "Samahani, mwanangu. Sitakuchelewesha. Fundi Hamissi anakusikiliza, nimeambiwa. Mwombee Olivier arudi kazini. Vidole vinapona."

Chanceline alitazama maji.

"Tangu Jumatano hali chakula, hasemi," Généreuse aliendelea, akipunguza sauti ili wengine wasisikie. "Jana watu wawili walikuja kumwona. Anasema Jumatatu atapanda nao mlimani. Anasema kama mjini hakuna kazi ya mikono yake, kule ipo. Mmoja ameshanipotea huko, mwanangu, sijui kama yu hai. Huyu ndiye aliyebaki." Alipangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Na nilipofika hapa nikasikia habari za baba yako, nilitaka kuja kukaa na mama yako. Niliogopa. Watu walikuwa wameshasema."

Ndoo ya Chanceline ilijaa na maji yakaanza kumwagika juu ya miguu yake. Hakuona. Alikuwa ametaka Olivier aumie. Hakuwahi kufika mbele ya hapo, kwenye siku inayofuata, ambapo Olivier angebeba bunduki na kusimama barabarani kusubiri basi lenye baba wa mtu mwingine.

Aliiacha ndoo palepale. Alitembea mpaka karakanani, miguu ikiwa imelowa, akamkuta Fundi Hamissi anafunga skrubu za redio. Aliongea akiwa mlangoni, kwa sababu alijua akikaa hataweza.

"Fundi, nilidanganya. Niliachilia mguu wa rizista. Nilichomeka plagi lampu zikiwa nje. Nilitaka apigwe."

Bisibisi ya Fundi Hamissi ilisimama. Alivua miwani, akaiweka mezani, akajipangusa macho kwa muda mrefu.

"Ungeweza kumwua," alisema.

"Ndiyo."

"Ulitaka kumwua?"

Chanceline alifikiri, kwa sababu hakutaka kusema uongo tena. "Sijui, Fundi. Sikufika kwenye kufikiri hivyo. Nilitaka tu aumie."

"Na mimi nimemfukuza mtu aliyekuamini." Fundi alisimama, akazunguka meza mara mbili. Chanceline alisubiri kofi, lakini halikuja. "Nenda ukamwambie yeye. Mbele ya mama yake. Mimi siwezi kuubeba mzigo huu badala yako. Ukimaliza, mwambie nami nimekosa, na kiti chake kipo."

Kambi ilikuwa nyuma ya mashamba ya michikichi, safu za vibanda vyenye mapaa ya hema. Olivier alikuwa ameketi nje, akijaribu kufunga kamba ya mfuko mdogo kwa mkono mmoja. Généreuse alikuwa amesharudi, na alipomwona Chanceline uso wake ulijaa matumaini. Matumaini yale yalikuwa magumu kuyavumilia kuliko kofi.

Chanceline alisema yote. Alipofika mwisho, Généreuse alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, na Olivier alikuwa amesimama. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Kaka yako alimwua baba yangu."

"Nani amekuambia?"

"Watu."

"Watu gani? Walikuwepo?"

Chanceline alitazama miguu yake iliyolowa.

"Mwaka jana kaka yangu aliondoka mwezi wa pili," alisema Olivier, na kila neno lilimtoka kwa shida. "Baba yako alikufa mwezi wa nne. Siku hiyo kaka yangu alikuwa wapi, mimi sijui. Kila siku najiuliza. Naogopa jibu kuliko wewe. Lakini mimi nilikuwa kwenye shamba la muhogo na mama. Mimi." Alijipiga kifua kwa mkono uliofungwa, akakunja uso kwa maumivu. "Ungeniuliza, ningekuambia. Sasa niambie, nikuchape? Nikuwekee na wewe umeme mahali?"

Chanceline alibaki amesimama, mikono chini. "Ukitaka," alisema.

Olivier akageuka, akaingia ndani ya kibanda, akateremsha pazia.

"Fundi anasema amekosa," Chanceline aliliambia pazia. "Anasema kiti chako kipo."

Aliondoka bila kujua kama amefanya kitu au hakufanya.

Jumatatu baada ya shule alikwenda karakanani. Kiti kilikuwa na mtu. Olivier hakuinua kichwa.

"Sikurudi kwa ajili yako," alisema. "Nimerudi kwa ajili ya kazi."

"Sawa," alisema Chanceline.

Fundi Hamissi alimpa Chanceline chuma cha lehemu kwanza, akamwambia airudishe rizista mahali pake mbele ya macho yao. Kisha wakaanza kutafuta ugonjwa wa ampli.

"Hatukisii," alisema Fundi Hamissi. "Tunaanzia kwenye spika, tunarudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka tufike pale sauti inapokatika."

Walirudisha lampu, wakawasha. Lampu zote ziliwaka. Fundi Hamissi aliweka mkono mmoja nyuma ya mgongo wake, ili umeme usipate njia ya kuvuka kifua, akagusa mguu wa lampu ya mwisho kwa ncha ya bisibisi yenye mpini mnene wa plastiki. Spika ikafanya tok. Kwa hiyo spika ilikuwa nzima, na lampu ya mwisho nzima. Akagusa lampu ya kwanza. Kimya. Akabadilisha lampu, akaweka ile mpya iliyotoka Bujumbura ndani ya soksi. Kimya vilevile.

"Basi si lampu," alisema Olivier.

Alichukua kipimo. Lampu ya mwisho ilikuwa inapata umeme wake wote. Ya kwanza haikupata hata kidogo. Wakazima, wakachomoa plagi, Chanceline akahesabu mpaka mia moja, akapima. "Umetoka," alisema.

Olivier alichukua kipimo kutoka mkononi mwake, akapima tena mwenyewe. Hakufanya kwa dharau. Alipima tu, na Chanceline akavumilia, kwa sababu alijua ameistahili hali hiyo, na kwamba itachukua muda mrefu kwisha.

Kisha Olivier akafuata waya kwa kidole, kutoka kwenye lampu ya kwanza kurudi nyuma, mpaka kwenye rizista moja ndogo, nyembamba kama mguu wa panzi. Aliigusa, ikacheza. Chini ya rangi yake kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Aliikata, akaipima, na sindano ya kipimo haikutikisika.

Alibaki ameishika kiganjani. Alimtazama Fundi Hamissi, akamtazama Chanceline, akaonekana hataki kusema.

Chanceline alielewa mwenyewe. Lampu ya baba yake ilikuwa nzima siku zote. Hakukuwa na haja ya kwenda Bujumbura. Kitu kilichoharibika kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele, na Fundi Hamissi alikuwa na droo nzima ya vitu kama hivyo.

"Wiki ile nilikuwa Kabonga," alisema Fundi Hamissi polepole. "Angenikuta hapa, tungepima pamoja. Nimelifikiri hili tangu mlipoleta ampli." Alikohoa. "Alikisia, Chanceline. Sylvestre alikuwa fundi mzuri, na siku moja akakisia. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo."

Chanceline alilia kwa mara ya kwanza bila hasira ndani yake. Olivier hakumgusa wala kumbembeleza. Alivuta droo, akatafuta rizista yenye rangi zilezile, akaiweka mezani mbele yake pamoja na lehemu. "Funga wewe," alisema. "Ni ya baba yako."

Aliifunga. Wakawasha. Olivier alichomeka waya wa gitaa la kwaya, akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi, na sauti ikajaa karakana mpaka wauza nguo wa soko wakageuka.

Jioni hiyo Chanceline alimweleza mama yake kila kitu, tangu chuma cha lehemu mpaka pazia la kibanda. Alitegemea Mama Domitille atakasirika. Mama yake alikaa kwenye kigoda na kuinamisha kichwa mpaka sufuria ikaanza kuungua.

Jumapili ya Pasaka kanisa lilijaa. Watu wa kambini walikuja pia, wakakaa kwenye benchi la nyuma kabisa, na hakuna mwenyeji aliyekaa karibu nao. Olivier aliwasha ampli, akasubiri lampu zipate moto, akampa ishara mpiga gitaa. Wimbo ulipoanza, Mama Domitille aliinuka kutoka benchi la mbele alipokuwa akikaa kila wiki mumewe akipiga gitaa. Alitembea katikati ya watu mpaka nyuma, akasimama mbele ya Généreuse, na Généreuse akasogea pembeni ili Mama Domitille akae.

Waliporudi nyumbani, Mama Domitille alimketisha binti yake.

"Nisikilize vizuri, maana hili sitalisema mara mbili," alisema. "Wewe umefanya kosa kubwa, na ulilikiri mwenyewe bila mtu kukukamata. Hapo nakusifu. Lakini chuki ile hukuizaa wewe. Niliileta mimi kutoka bombani, nikaitua hapa pamoja na ndoo, na sikumwuliza hata mtu mmoja kama ni kweli. Kila siku niliomba yule mama apoteze mtoto. Mimi niliomba, wewe ukatenda. Mbele ya Mungu sijui nani kati yetu ana kosa kubwa zaidi."

"Lakini kama ni kweli, mama? Kama kaka yake alikuwepo?"

Mama Domitille alimshika binti yake mkono.

"Basi kuna siku yeye ataulizwa, naye atajibu mbele ya sheria au mbele ya Mungu. Olivier hataulizwa kwa niaba yake, wala mama yao. Ukisikia mtu anasemwa vibaya, tafuta kwanza ukweli uko wapi, kama mlivyofanya na ampli. Na ukiukuta, usimwadhibu aliye karibu kwa sababu aliye mbali humfikii. Huko ndiko vita hivi vinakotoka, mwanangu. Havitoki milimani peke yake."

Alinyanyuka, akajifunga kitenge vizuri, akamwambia Chanceline abebe kiti kimoja nje na yeye akabeba kingine, kwa sababu Généreuse na Olivier, aliowaalika pale kanisani, walikuwa wamekwishafika mlangoni na ndani hakukuwa na mahali pa kuwaketisha wote wanne.